Makopo ya Maharage kwenye Dirisha la Mwenyekiti

Mapipa yalikuwa tisa, ya bluu, yamepangwa ubavuni mwa stoo ya ushirika, kila moja limefungwa kitambaa mdomoni ili inzi wasiingie na hewa ipite. Ndani mlikuwa na kitu ambacho wenye pua laini walikiita uvundo, na mwanamke mwenye mapipa alikiita uji wa udongo: samadi mbichi, mkojo wa ng'ombe, majani ya alizeti pori yaliyokatwakatwa, konzi mbili za majivu, na udongo kidogo kutoka kichakani ambako jembe halijawahi kufika. Kila asubuhi na kila alasiri alikuja na mti wake mrefu, akakoroga pipa baada ya pipa mpaka povu likapanda. Siku ya kumi na nne alichuja kwa gunia, akazimua kopo moja kwa makopo kumi ya maji, na watu wakaja na ndoo zao.

Ndiyo maana walimwita Mama Mapipa. Jina lilianza kama kejeli. Kisha mboga za watu zikanawiri, kejeli ikakosa meno, na wale wale waliokuwa wakiziba pua wakaanza kuamka alfajiri ili wasikute uji umekwisha. Vijishamba nyuma ya mashine ya kusaga nafaka vilikuwa thelathini na viwili. Wenye vijishamba ishirini na sita walikuwa wateja wake, na hakuna aliyetozwa hata senti.

Asubuhi ile hakukuwa na foleni. Watu walikuwa wamesimama katikati ya shamba wamefunga duara, kama wanaotazama ajali.

"Njoo, mama," alimwita Fundi Cherehani, ambaye kijishamba chake kilikuwa cha kwanza kutoka langoni. "Njoo uone uji wako ulivyonishonea."

Alisogea. Maharage ya Fundi Cherehani, ambayo juzi juzi tu yalikuwa yametanda kijani, yalikuwa yamejikunja. Majani yamekuwa vikombe, vikonyo vimepinda, ncha mpya zimejikusanya kama ngumi ya mtoto mchanga. Nyanya za jirani yake zilikuwa na majani membamba kama kamba za viatu. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Vijishamba saba, hali ile ile.

"Saba," alisema Mwenyekiti wa ushirika, mzee mrefu aliyekuwa karani wa posta enzi zake, na ambaye mpaka leo alizungumza kama anayegonga mihuri. "Nimehesabu mara mbili. Saba, na wote walichota kwenye mapipa yale matatu ya mwisho, wiki iliyopita."

"Mavi ni mavi," alidakia Bwana Duka. Huyu alikuwa na duka la pembejeo upande wa pili wa barabara, na shambani hakuwa na hata tuta moja, lakini penye msiba wa mazao hakosi. "Nimesema miaka mingapi? Dunia imekwenda mbele, sisi tunakoroga vinyesi. Mbolea ina kipimo, ina mfuko, ina muhuri. Hii ya kwake ina nini?"

"Ina harufu," mtu mmoja akajibu, na watu wakacheka kicheko cha hasira.

Mwenyekiti aliinua mkono. "Kamati imeshakaa. Mapipa yatolewe Jumamosi. Ubavu ule wa stoo Bwana Duka ameomba apangishe, aweke ghala lake dogo, na ushirika utapata chochote. Hilo ndilo tulilofikia."

Mama Mapipa hakuwa amesimama tena. Alikuwa amechutama.

Watu walidhani anajificha aibu. Hawakumjua. Mwanamke huyu alikuwa na kumbukumbu iliyo kama mwiba wa samaki kooni, haishuki wala haitoki. Alikumbuka siku lilipokuja gari lenye kipaza sauti, yeye akiwa binti wa miaka tisa, likitangaza kwamba mkulima wa kisasa hakorogi kinyesi. Alikumbuka bwana mmoja mwenye viatu vya kahawia, kamba zimefungwa mafundo mawili, akipiga teke mtungi wa mama yake mbele ya watu, uji ukamwagika mpaka kizingitini. Mifuko ikaja, mwaka wa kwanza ya bure, wa pili ya nusu bei, wa tatu ya bei ambayo baba yake aliisikia akakaa chini. Udongo ukawa mgumu kama sahani. Yule bwana hakurudi kuuona, maana alikuwa amepandishwa cheo. Watu wa aina yake hupandishwa vyeo, na walioachiwa sahani huambiwa ni wavivu. Mama yake alianza tena na mtungi mwingine, kimyakimya, nyuma ya choo, kama mtu anayepika pombe haramu.

Kwa hiyo kutolewa mapipa Jumamosi halikuwa jambo la mapipa tu. Lilikuwa teke la pili, na safari hii hakukusudia kusimama akitazama.

Alishika jani moja la haragwe, akaligeuza. Akainuka, akaenda kwenye mstari wa mahindi uliokuwa hatua mbili tu kutoka pale.

"Fundi, mahindi haya uliyanywesha nini?"

"Uji huo huo. Ndoo hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo."

"Na yamesimama."

"Yamesimama, mama, lakini mimi sikuja kulilia mahindi."

"Sikiliza kwanza. Uji ukiwa mkali, unaunguza. Unaunguza kila kitu, na unaanzia pembeni mwa jani, linakauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Hapa pameungua wapi? Nionyeshe." Aliwapitishia lile jani mmoja mmoja, puani kabisa. "Hili halikuungua. Hili limesokotwa. Na kinachosokota maharage na nyanya kikaacha mahindi, mimi nimeshakiona."

Alikiona katika miaka sita aliyofanya kibarua kwenye shamba kubwa la mwekezaji, akipalilia kwa siku. Kulikuwa na wapuliziaji waliopita na mabomba mgongoni, na kesho yake magugu yenye majani mapana yalikuwa yamejikunja hivi hivi, kama yanayojikuna mgongo, huku nyasi katikati yake zimesimama wima. Vibarua waliachishwa kazi mwaka ule ule, wote, kwa sababu bomba halidai chakula cha mchana. Hakusahau sura ya magugu yale. Yalikuwa ndiyo barua yake ya kufukuzwa.

"Hiyo ni dawa ya magugu," alisema.

Bwana Duka alicheka mpaka akashika tumbo. "Sasa dawa imeingiaje kwenye pipa? Imetembea?"

"Hilo ndilo nitakalolijua. Mwenyekiti, nipe siku ishirini na moja."

"Kamati imesema Jumamosi."

"Kamati ina kesi, haina ushahidi. Siku ishirini na moja. Nikishindwa, mapipa nitayabeba mwenyewe kichwani, moja moja, na Bwana Duka atapiga makofi."

Mwenyekiti alimtazama, akatazama saa yake kana kwamba siku zinahesabiwa humo. "Ushahidi gani?"

"Makopo kumi na mawili ya maharage. Yatakaa dirishani kwako, ofisini, chini ya kufuli lako. Utayamwagilia wewe."

"Mimi?"

"Nikimwagilia mimi, mtasema nimefanya mizungu. Mwagilia wewe, maji matupu ya bomba, kila asubuhi."

Jioni ile walikutana watu wawili tu, Mama Mapipa na Fundi Cherehani. Alimchagua fundi kwa sababu fundi ndiye aliyepata hasara kubwa kuliko wote, na hakuna ambaye angethubutu kusema anampendelea. Alimpa chupa tatu, akamweleza, kisha akatoka nje akafunga mlango nyuma yake. Fundi peke yake ndiye aliyejaza makopo udongo mmoja uliotoka gunia moja, akaloweka manne kwa maji, manne kwa uji wa pipa la zamani lililojazwa samadi ya ng'ombe wa Mama Mapipa mwenyewe, na manne kwa uji wa yale mapipa matatu ya mwisho. Akapanda mbegu mbili kila kopo. Akafunga kila kopo kitambaa kidogo alichodarizi namba kwa uzi mwekundu, moja hadi kumi na mbili, akavurugavuruga mpangilio, na orodha akaitia kwenye daftari lake la vipimo vya wateja, kati ya kiuno cha bibi harusi na mguu wa suruali wa kondakta.

"Ukiniuliza namba ngapi ni nini, sikwambii," alimwonya akitoka. "Hata ukinipikia."

"Sitakuuliza."

"Na maharage yangu nani atanirudishia?"

"Hilo nalo lina siku yake. Usidhani nimesahau."

"Wewe kusahau?" Fundi akaguna. "Wewe unakumbuka mpaka nani alikukanyaga kwenye foleni ya chanjo."

Usiku huo hakupata usingizi wa maana, na kilichomnyima hakikuwa Bwana Duka. Alikuwa anajua mapipa matatu ya mwisho yalijazwa nini. Ng'ombe wake alikuwa mmoja, na wateja walipoongezeka, samadi yake haikutosha. Akamtuma mwenye mkokoteni akachote kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa na ng'ombe watatu wa maziwa mtaa wa pili. Akamtuma, hakwenda mwenyewe. Na hapo ndipo penye mzizi wa jambo.

Mama yake alimfundisha kazi hii kwa sharti moja. Kabla ya kuinua samadi ya mtu, unaingia zizini, unasalimia, unaibomoa samadi kwa kijiti, unainusa, na unamwuliza mwenye ng'ombe: wamekula nini wiki hii? Usipouliza, usichote. Miaka yote alikuwa ameuliza. Kwa wifi yake hakuuliza, kwa sababu hawakuwa wakizungumza, mwaka wa kumi na moja sasa.

Siku ya mazishi ya mumewe, Mama Mapipa alikuwa ameamka mapema akakoroga mapipa, maana pipa halijui msiba, likiachwa siku mbili linaoza badala ya kuchachuka. Akanawa, akaenda makaburini. Wifi yake akamnusa mbele ya ukoo mzima, akasema kwa sauti: "Hata leo hukunawa?" Maneno matatu tu. Aliyabeba miaka kumi na moja kama jiwe ndani ya kiatu, akatembea nayo, akakataa kukivua kiatu. Na sasa kiatu kile kilikuwa kimewakanyaga watu saba ambao hawakuwepo hata mazishini.

Siku ya sita mbegu ziliota. Siku ya tisa Mwenyekiti alianza kuwasili ofisini kabla ya saa mbili, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya ushirika. Alikatiza watu mazungumzo ili akamwagilie. Namba nne ilipochelewa kuchomoza aliikwangulia udongo kwa ncha ya kalamu, taratibu, kama mkunga. Mtu mmoja alipoegemeza kikapu dirishani alifokewa kama aliyemkalia mtoto.

"Mwenyekiti," Fundi Cherehani alimtania, "naona umepata wajukuu."

"Nafanya kazi ya ushirika," alijibu Mwenyekiti, akizungusha kopo namba saba lipate jua upande wa pili.

Siku ya kumi na sita majani ya tatu yalifunguka. Mama Mapipa alipita nje ya dirisha, hakuingia, akasimama barabarani na kapu lake. Makopo manane yalikuwa na majani bapa kama viganja vilivyofunguliwa. Manne yalikuwa yamejikunja vikombe. Hakuwa na haja ya daftari la fundi. Aligeuka palepale, na badala ya kwenda nyumbani akajifunga khanga kiunoni, akashika njia ya mtaa wa pili.

Zizi la wifi yake lilikuwa nyuma ya nyumba ya vyumba vitatu, sakafu ya saruji, limefagiwa safi kuliko sebule za wengi. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe, maziwa yanapiga ndoo chwa chwa chwa. Aliinua macho. Mikono haikusimama.

"Leo jua limetokea wapi?"

"Salama, wifi?"

"Salama yako unaijua mwenyewe. Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kuuliza. Ng'ombe wako wanakula nini?"

Wifi aliendelea kukamua. "Miaka kumi na moja hukanyagi hapa, hukumwona kaka yangu akitimiza mwaka kaburini, ukaja kuuliza chakula cha ng'ombe?"

"Nilimwona. Nilikwenda peke yangu, saa ambayo wewe hukuwepo."

Pale mikono ilisimama.

"Wanakula majani makavu," alisema hatimaye. "Marobota. Nanunua kwa mwenye uwanja mkubwa wa nyasi, ng'ambo ya mto. Mazuri, hayana gugu hata moja."

"Hata moja?"

"Hata moja. Nyasi tupu, ungedhani zimechanwa kwa kitana."

"Nani ameona uwanja wa nyasi usio na gugu, wifi? Aliyang'oa kwa mkono?"

Akamweleza yote: majani yaliyojikunja, mahindi yaliyosimama, makopo dirishani. Dawa ile inapuliziwa nyasi, nyasi hazifi, ng'ombe anazila, zinapita tumboni, na dawa inatoka upande wa pili ikiwa hai. Alikuwa hajamaliza wifi yake alipoinuka, ndoo mkononi.

"Unataka kuwaambia watu samadi yangu ina sumu."

"Nataka kusema kilichotokea."

"Ukisema samadi, wao watasikia maziwa! Kesho nani atakuja na chupa yake hapa? Nasomesha kwa maziwa haya. Unanimaliza, mke wa kaka, na unajua unanimaliza. Umengoja miaka kumi na moja upate pa kunishikia!"

"Ningetaka kukumaliza ningekuja na watu. Nimekuja peke yangu."

"Toka."

"Kikao ni Jumamosi, saa nne."

"Nimesema toka!"

Alitoka. Langoni aligeuka, akasema bila kupandisha sauti: "Marobota hayo yaache, wifi. Hata ukinichukia, yaache." Akaenda zake.

Jumamosi ukumbi wa ushirika ulijaa mpaka madirishani. Viti vya plastiki havikutosha. Waliokuja mwisho walikalia magunia. Bwana Duka alikuwa mbele, shati limepigwa pasi, na kipande cha karatasi ambacho wengi walidhani ni mkataba wa pango. Makopo kumi na mawili yalipangwa mezani. Mwenyekiti aliyabeba mwenyewe, mawili mawili, akakataa kusaidiwa.

"Fundi," alisema. "Soma."

Fundi Cherehani alifungua daftari. "Namba moja, kiuno inchi ishirini na... samahani, siyo hapo." Ukumbi ukalipuka. Alilamba kidole, akafunua. "Maji matupu: namba mbili, tano, nane, kumi na moja."

Mwenyekiti aliyatenga. Yote bapa.

"Uji wa samadi ya ng'ombe wa Mama Mapipa: moja, saba, tisa, kumi."

Akayatenga. Bapa, na yenye kijani kilichokolea kuliko ya maji. Mtu nyuma akapiga mluzi.

"Uji wa mapipa matatu ya mwisho: tatu, nne, sita, kumi na mbili."

Yalibaki manne katikati ya meza, yamejikunja, yamepinda, hayana mahali pa kujificha. Mwenyekiti aliinua namba nne, lile la ukunga wake, akalitazama kwa uchungu wa kweli.

"Kwa hiyo ni kweli!" Bwana Duka alisimama. "Mapipa yake ndiyo yameua! Amejifunga mwenyewe, tunangoja nini?"

"Mapipa yake ndiyo pia yamestawisha haya," Mwenyekiti alijibu, akigonga makopo ya kijani. "Nimeyamwagilia mimi. Kaa chini. Mama, sema."

Mama Mapipa alisimama. Alikuwa na hotuba. Alikuwa ameipanga wiki tatu, yenye yule bwana wa viatu vya kahawia, yenye kipaza sauti, yenye mifuko, yenye kila jina na kila tarehe. Aliwatazama wale saba waliokaa safu ya pili, mikono mapajani, akaona hotuba ile haiwahusu.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilifundishwa nisichukue samadi kabla sijauliza ng'ombe amekula nini. Safari hii sikuuliza. Sikuuliza kwa sababu ya kinyongo changu na mtu, kinyongo ambacho hakikuwahusu nyinyi. Ningeuliza, maharage yenu yangekuwa jikoni sasa hivi. Samadi ile ilikuwa na dawa ya magugu iliyotoka kwenye nyasi. Ilitoka zizi gani, sitasema. Aliyeichota bila kuuliza ni mimi."

"Sema zizi!" sauti ikapigwa.

"Sisemi."

"Anamficha nani? Anaficha kwa sababu hakuna!" Bwana Duka alikuwa amesimama tena. "Hadithi tupu! Nyasi zina dawa, ng'ombe ana dawa, kesho atatuambia mwezi una dawa!"

"Zizi ni langu."

Watu waligeuka. Wifi alikuwa mlangoni, jasho linamtiririka, mkononi ameshika dumu la plastiki lililokatwa mdomo, lile analopimia pumba. Watu wakampisha. Alipita moja kwa moja hadi mezani, akaliweka kwa kishindo katikati ya maharage.

"Ng'ombe ni wangu, marobota ni ya mwenye uwanja wa nyasi, na dumu hili alinipa yeye likiwa tupu, nikalifanya pishi. Jana nimelisugua. Chini ya pumba kuna maandishi. Macho yangu hayafiki, Mwenyekiti, wewe ulikuwa posta. Soma."

Mwenyekiti alivaa miwani. Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Alisoma kama anayesoma simu ya msiba, neno kwa neno: dawa ya kuua magugu ya majani mapana kwenye nyasi, na chini kabisa, pembeni: samadi ya mifugo iliyolishwa nyasi zilizopuliziwa isitumike kwenye maharage, nyanya, viazi wala mboga.

Aliligeuza dumu. Upande wa pili palibandikwa karatasi ya bei, imefifia, yenye muhuri wa duka. Hakulitaja jina. Alilionyesha tu, kushoto, katikati, kulia.

"Mimi nauza!" Bwana Duka alifoka. "Nauza dawa ya nyasi kwa mtu mwenye nyasi! Nilimwambia nani alishe ng'ombe?"

"Ulimsomea mteja maandishi haya?" Mama Mapipa aliuliza.

"Nani anasoma hayo?"

Aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya watu sitini. Kisha mmoja wa wale saba, bibi mdogo wa umbo, muuza vitumbua, akasema polepole: "Yenye kipimo. Yenye mfuko. Yenye muhuri." Kicheko kilichopigwa safari hii hakikumwendea Mama Mapipa.

Na bado haikuwa rahisi, msije mkadhani. Wapo waliosema mapipa yaondoke tu, yameleta maneno mengi. Wapo walioanza kunong'ona habari za maziwa. Mama Mapipa hakuketi. Kuhusu maziwa alisema alichojua na asichojua: kwamba dumu limetaja samadi na nyasi, halikutaja maziwa, na mwenye wasiwasi aende kwa daktari wa mifugo akaulize, asiulize kichochoroni. Kisha akatoa masharti yake, mbele ya kura, ili mtu asiseme kayatoa baada ya kushinda. Mapipa yale matatu atayamwaga kwenye majani ya kando ya barabara, mbali na vijishamba. Wale saba wapande mahindi msimu huu, kwa kuwa mahindi hayadhuriki, wasirudishe maharage mpaka haragwe lililopandwa kwenye kopo la udongo wao liote limenyooka. Na kijishamba chake yeye, matuta kumi na manne, maharage yote yaliyomo, ni ya hao saba mpaka yao yatakaporudi.

"Utakula nini?" Fundi Cherehani aliuliza, na safari hii hakuwa akitania.

"Nitakula mahindi, kama wewe."

Mikono iliinuliwa. Mapipa yabaki: kumi na tisa. Yaondoke: kumi na moja. Mwenyekiti aliandika, akagonga muhuri ambao hakuna aliyeuomba, akatangaza pia kwamba kuanzia leo hakuna pipa litakalogawiwa kabla halijapita kwenye makopo dirishani kwake, na kwamba makopo manane yaliyosalia hayaondoki ofisini mpaka yazae.

Jumatatu asubuhi Mama Mapipa alipiga hodi kwenye lango la mtaa wa pili. Alikuwa na ndoo moja na kijiti. Mikono ilikuwa na povu la pipa hadi viwikoni, maana alitoka kukoroga.

Wifi alifungua, akamtazama juu mpaka chini, macho yakatua kwenye mikono.

"Hata leo hukunawa?"

Mama Mapipa alisimama kizingitini. Miaka kumi na moja ilipita usoni pake, mtu yeyote angeiona ikipita.

"Hata leo," alijibu.

Pembe ya mdomo wa wifi ilicheza. Akafungua lango lote.

Zizini aliinama, akaibomoa samadi kwa kijiti, akainusa. Kisha akainuka, akamkabili mwenye ng'ombe kama alivyofundishwa.

"Wifi, ng'ombe wamekula nini wiki hii?"

"Majani mabichi ya kando ya mto, nimekata mwenyewe kwa mundu, mgongo unaniuma. Na pumba. Marobota sijayagusa tangu siku ile nilipokufukuza."

"Ulinisikia, kumbe."

"Nilikusikia. Nilikufukuza, sikuziba masikio. Sasa chota. Mwenye mkokoteni nimwite?"

"Bado. Ndoo moja kwanza," alisema Mama Mapipa, akashika sepetu. "Hii ya kwanza ni ya makopo ya Mwenyekiti."